Miaka Kumi na Miwili ya Kujenga Timu ya Besiboli ya Chuo: Barua kwa Kocha Kijana

Mwezi Mei mwaka huu timu ya besiboli ya chuo ninachofundisha hapa Iowa, nchini Marekani, ilitwaa ubingwa wa kanda kwa mara ya kwanza tangu nilipokabidhiwa miaka kumi na miwili iliyopita. Miongoni mwa pongezi nilizopokea wiki ile ulikuwamo ujumbe wa mwalimu kijana wa Dar es Salaam, ambaye amekuwa akiwafundisha wanafunzi wa sekondari mchezo huu na sasa anataka kuanzisha timu katika chuo anachosoma. Aliandika hivi: “Shikamoo mwalimu. Naomba unielekeze nifanye nini ili nami nijenge timu inayodumu.” Nilimwitikia marahaba na kumjibu kwa ufupi siku ileile, lakini neno lake la mwisho halikunitoka kichwani, kwa sababu ndilo lililonigharimu ujana wangu. Ninaandika hapa kwa ajili yake na kwa ajili ya kila msomaji anayetamani, kama nilivyotamani mimi, kusimama siku moja kando ya uwanja akiitwa kocha mkuu.

Nilizaliwa na kukulia Tanga, na sikuwahi kushika gongo la besiboli hadi nilipokuja kusoma Marekani nikiwa na umri wa miaka ishirini. Nilihitaji kazi ya kunisaidia kulipa ada, na iliyopatikana chuoni ilikuwa ya kutunza uwanja. Siku ya kwanza mvua iliponyesha nilichukua ufagio nikaanza kuyasukuma maji kutoka kwenye udongo kuelekea kwenye majani, nikidhani nafanya bidii. Mzee niliyewekwa chini yake alininyang'anya ule ufagio, akanionyesha kwa kidole mahali udongo unapokutana na majani. Palikuwa na kituta chembamba, kimo chake hakizidi unene wa kidole, kilichojengwa mvua baada ya mvua na watu waliosukuma maji pamoja na udongo kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Mpira unaobingirika kwa kasi ukigonga kituta cha namna ile huruka ghafla na kumpiga mchezaji usoni. Mzee akanipa sponji na ndoo. Nikapiga magoti, nikayanyonya maji dimbwi kwa dimbwi, kisha nikaukwaruza udongo kwa reki ili upate hewa ukauke. Mechi ilianza saa kumi jioni kama ilivyopangwa. Nimefundishwa mengi baadaye na makocha wenye majina, lakini sijafundishwa jambo kubwa kuliko lile la kituta.

Mwaka wa pili mwandishi wa daftari la alama aliugua, nikaombwa kukaa mahali pake. Katika daftari hilo kila mchezaji wa uwanjani ana namba yake: mrushaji ni 1, mdakaji ni 2, na kuendelea hadi mlinzi wa nje wa upande wa kulia ambaye ni 9, na kila tukio huandikwa kwa namba hizo. Mimi niliongeza safu yangu ya penseli pembeni, nikaandika aina ya kila mpira uliorushwa na hesabu ya mipira mibaya na mizuri ilivyokuwa wakati huo. Baada ya mechi sita nilimwonyesha kocha kwamba mrushaji wetu hodari, kila alipokuwa amekwisha kurusha mipira mitatu mibaya, aliufuatisha wa kasi ulionyooka, bila kubadilisha hata mara moja, na kwamba wapinzani walikuwa wamekwisha kulijua hilo. Kocha alilisoma daftari akiwa amesimama, akakaa, akalisoma tena. Tangu siku ile nikawa naitwa kwenye vikao vya makocha.

Miaka ya mitihani na ya karatasi za uhamiaji naipita, maana haina la kumfaa msomaji. Nilipohitimu nilipokewa na chuo kikuu kimoja cha daraja la kwanza kama kocha msaidizi wa kujitolea. Wakati ule kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu, ziliiruhusu timu ya besiboli kuwa na kocha mkuu, wasaidizi wawili wanaolipwa, na wa tatu ambaye chuo hakikumlipa mshahara. Kanuni hiyo ilifutwa Julai 2023. Mimi niliishi chini yake kwa miaka sita. Mchana niliwafundisha wadakaji, usiku nilipanga maboksi ghalani, na wakati wa likizo nilipata fedha kidogo kwa kufundisha watoto kambini. Husimuliwa kwamba Rod Dedeaux, aliyekiletea chuo kikuu cha Southern California ubingwa wa taifa mara tano mfululizo kuanzia 1970 hadi 1974, alikuwa akipokea mshahara wa dola 1 kwa mwaka. Ni kweli, lakini Dedeaux alikuwa na kampuni yake ya malori. Kijana asiye na kitu asichukue mfano huo kuwa kipimo cha mapenzi yake kwa mchezo.

Kocha mkuu wetu alipostaafu niliomba nafasi yake. Mkurugenzi wa michezo aliniita ofisini, akanisifu kwa muda mrefu, akataja majina ya wadakaji niliowanoa, kisha akasema kwamba lafudhi yangu isingewafaa wafadhili. Nafasi ile alipewa kijana ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kulisoma daftari la alama. Nilimshukuru mkurugenzi, nikampa mkono, nikaenda kukaa ndani ya gari langu hadi taa za maegesho zilipowashwa. Nimekwisha kumsamehe, lakini sijasahau, na sioni haya kulisema hapa, kwa sababu wapo vijana wanaosoma maneno haya ambao watakalishwa kwenye kiti kilekile na kuambiwa maneno yaleyale.

Katika majira yale ya uchungu nilijifungia na historia ya makocha wa vyuo, na aliyeniinua zaidi ni Skip Bertman. Alianza kama mwalimu wa shule ya sekondari huko Miami Beach, akawa msaidizi wa Ron Fraser katika chuo kikuu cha Miami, ambacho kilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1982. Fraser alikuwa amekikuta kikosi kile hakina fedha, akawa anazitafuta mwenyewe, hata akaandaa karamu katikati ya uwanja na kuwatoza matajiri dola 5,000 kwa sahani moja. Bertman alikwenda na somo hilo Louisiana, akaanza msimu wake wa kwanza katika chuo kikuu cha jimbo hilo, LSU, mwaka 1984. Alifika kwenye fainali za taifa, zinazochezwa katika mji wa Omaha, mwaka 1986, na ubingwa wa kwanza aliupata mwaka 1991, yaani msimu wake wa nane. Ndipo mingine ikafuata: 1993, 1996, 1997 na 2000. Wanaopenda mchezo huu hukumbuka zaidi fainali ya 1996, LSU ikiwa nyuma ya Miami kwa alama 8 kwa 7, zamu ya tisa ambayo ndiyo ya mwisho, wawili wamekwisha kutolewa na akitolewa wa tatu mechi imekwisha, mkimbiaji mmoja yuko besi ya tatu. Warren Morris akaupiga mpira wa kwanza aliorushiwa, ukavuka uzio wa upande wa kulia, yeye na mkimbiaji wakapata alama, mechi ikaisha 9 kwa 8. Hakuwa amevusha mpira wowote msimu ule, kwani alikosa mechi nyingi kwa kuvunjika mfupa wa mkono. Tena aliingia chuoni kwa ufadhili wa taaluma, si wa besiboli. Ninapolisikia tukio lile likisimuliwa, mimi huwaza habari za kocha aliyempa nafasi mwanafunzi asiye na ufadhili wa michezo, akamtunza alipoumia, na akamwacha apige wakati ule wa hatari.

Kwa upande mwingine yuko Mike Martin wa Florida State, aliyekuwa kocha mkuu kwa misimu 40, kuanzia 1980 hadi 2019. Alishinda mechi 2,029, akaifikisha timu yake Omaha mara 17, na hakuwahi kutwaa ubingwa wa taifa. Wapo wanaoitaja habari hiyo kama dosari. Mimi naona kwamba mtu anayeweza kuishika timu kwa miaka arobaini, na kila mwaka ikaingia kwenye mashindano ya taifa, amejenga kitu ambacho kombe peke yake haliwezi kukionyesha.

Chuo kilichonichukua baada ya kukataliwa kule, hikihiki cha Iowa, ni cha miaka miwili, mabweni hakina, na uwanja wake nilioukuta ulikuwa na kituta kilekile. Msimu wa kwanza tulishinda mechi 9 na kupoteza 41. Ugumu wa chuo cha namna hii ni kwamba kila mwaka nusu ya kikosi huondoka: umfundishe mrushaji hadi akomae, kisha umuage aende chuo kikuu. Kwa hiyo nililazimika kujiuliza ni nini kitakachobaki wachezaji wakiondoka. Nikaanza na udongo. Wachezaji wote, hata nyota, walijifunza kuutunza uwanja, na wa mwaka wa pili ndio waliowafundisha wa mwaka wa kwanza, mimi nikiwa nimenyamaza. Februari, theluji inapokuwa imeufunika uwanja, tulikutana ukumbini saa kumi na mbili asubuhi, kabla timu ya mpira wa kikapu haijaingia. Jambo la pili lilikuwa daftari: kila mchezaji aliandika daftari la alama angalau mechi tano kwa msimu. Aliyekosa darasa hakucheza, na msimu wa tatu sheria hiyo ilinifanya nimweke benchi mpigaji wangu bora katika mechi ambayo tuliipoteza kwa alama moja. Wazazi wake walinilaumu sana. Sikujuta, na leo kijana yule ni mwalimu wa hisabati.

Jambo la tatu ni familia. Hapa Iowa wapo Wakongo wengi, na baadhi yao waliishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, Tanzania, kabla ya kuletwa Marekani. Niliposikia habari za kijana wa familia kama hiyo mwenye mkono wa kushoto wenye nguvu, nilikwenda nyumbani kwao. Nilipopiga hodi kwa Kiswahili, bibi yake alitoka mwenyewe kufungua mlango. Nikamwamkia shikamoo; akanishika mikono yote miwili, akaniketisha, tukala kwanza. Baada ya chakula mama yake akaniuliza: “Mwalimu, huu mchezo wa kurusha mpira, mwanangu akiumia mkono, atabaki na nini?” Makocha waliotangulia walikuwa wamemweleza habari za kasi na za mikataba. Mimi nilimwonyesha orodha ya masomo, nikamweleza ni siku gani mwanawe angekuwa maktaba na nani angemsimamia. Aliisoma yote, akauliza kuhusu kemia, kisha akasema: “Haya, nakukabidhi.” Lafudhi ile iliyoninyima kazi ndiyo iliyonifungulia mlango ule, na kijana yule ndiye aliyerusha mpira wa mwisho katika mechi ya ubingwa wa kanda Mei mwaka huu.

Basi nakuambia, mdogo wangu, na ninawaambia wote wanaotaka njia hii: tunzeni uwanja. Usianze kwa kuagiza sare wala kutangaza malengo ya makombe. Mfundishe mchezaji wako kushika reki kabla hujamfundisha kushika gongo, na ukifika mwaka wa tatu ukakuta wa zamani wanawafundisha wageni bila wewe kusema neno, ujue timu imeanza kusimama. Andika kila kitu, kwa sababu macho ya kocha humpenda mchezaji huyu na kumsahau yule, ilhali daftari halina upendeleo. Nenda nyumbani kwa wazazi, uketi, ule, usikilize. Na utunze uwanja; nalirudia kwa sababu najua utalisahau siku utakayoshinda mechi yako ya kwanza. Mkikosa udongo mzuri hapo chuoni, tafuteni udongo mgumu wa mfinyanzi kwa ajili ya kichuguu cha mrushaji, yaani kilima kidogo anachosimama akirusha, muushindilie kidogo kidogo ukiwa na unyevu, na muufunike kwa turubai kila jioni.

Ukishacheza mechi hiyo ya kwanza, hata kama mmefungwa vibaya, piga picha kurasa zote mbili za daftari la alama unitumie. Nitazisoma usiku huohuo, na kesho yake tutazungumza habari za mrushaji wako.