"Paneli zikingwe jua": ni kinga ipi?

SWALI: Shule yetu ya sekondari hapa Singida imefungiwa umeme wa sola, nami nimepewa kazi ya kuandika maelekezo ya kubandika mlangoni mwa chumba cha betri. Niliandika hivi: "Paneli zikingwe jua wakati wote. Zizimwe kabla ya kuoshwa. Matengenezo ya paneli na kinga ya umeme ni wajibu wa kila mmoja." Mwalimu mwenzangu anasema sentensi ya kwanza inaagiza paneli zifunikwe. Fundi naye hakuipenda ya pili, ila hakueleza sababu. Nimekosea wapi?

JIBU: Mwalimu, mwenzako yuko sahihi, na fundi pia.

Kukinga ni kuweka kitu katika njia ya kinachokuja. Ukitega ndoo chini ya bati, unakinga maji ili uyapate. Ukifungua mwavuli, unakinga mvua isikufikie. Kitendo ni kimoja, nia ni mbili zinazopingana. Ungeandika "paneli zikinge jua", baadhi ya wasomaji wangekuelewa kwa maana ya ndoo. Lakini umetumia kauli ya kutendwa na kuifanya paneli kiima, na hapo imebaki maana moja tu: mtoto akingwe baridi, macho yakingwe vumbi, paneli zikingwe jua. Kinachokingwa hivyo huepushwa na kile kinachotajwa baada yake. (Kinga ya methali "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo" ni neno jingine, la kijiti cha moto, na wingi wake ni vinga.)

Andika "Paneli zipate jua, zisiguswe na kivuli." Kivuli kinastahili kutajwa, kwa sababu hata kinyesi cha ndege kwenye kona moja kina madhara. Seli za paneli, yaani vipande vidogo vinavyozalisha umeme, zimeungwa kwa mfululizo. Iliyofunikwa huacha kuzalisha, ikaanza kula umeme wa wenzake na kupata joto, pengine hadi kuungua.

"Kinga ya umeme" ina utata wa kiunganifu -a. Kinga ya malaria humkinga mtu asipate malaria, ilhali kinga ya mwili ni ya mwili wenyewe. Je, kinga ya umeme inatukinga tusidhurike na umeme, au inaukinga mfumo wa umeme? Shuleni unahitaji zote mbili, basi zitenganishe. Fyuzi na breka hukinga nyaya zisiungue mkondo unapozidi. Waya wa ethi, yaani uliounganishwa na ardhi, humkinga mtu anayegusa fremu ya chuma iliyopata hitilafu. Radi nayo iandikie "kinga dhidi ya madhara ya radi", si "kinga ya radi" peke yake, maana wengi wakisikia hivyo huamini kwamba radi haitapiga tena. Vifaa hivyo haviizuii radi kupiga. Huupa umeme wake njia ya kwenda ardhini.

Sasa "zizimwe", ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Tunazima chenye swichi au chenye mwali: taa, redio, injini, jiko. Paneli haizimwi. Maadamu mwanga unaifikia, inazalisha. Swichi ya ukutani hukata njia ya kwenda kwenye inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama wa nyumbani), lakini nyaya zinazotoka kwenye paneli hadi kwenye swichi hiyo bado zina moto, kama wasemavyo mafundi, yaani zina umeme. Paneli nyingi zikiungwa kwa mfululizo zinaweza kufikisha volti mia kadhaa. Mwanafunzi akisoma "zizimwe", akashusha swichi, atapanda juu akiamini kwamba hakuna umeme huko. Neno lako litakuwa limempa ruhusa ambayo kifaa hakikutoa. Sema "shusha swichi" na ueleze kinachobaki.

Vivyo hivyo usiandike "breka" tu mahali pa kuagiza kipuri. Umeme wa nyumbani wa hezi 50 hubadili mwelekeo kila mara, hivyo mkondo wake hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, na hapo cheche ya breka hupata nafasi ya kuzimika. Umeme wa paneli ni mkondo mnyoofu (disii), wa mwelekeo mmoja, haupiti kwenye sifuri, na cheche yake inaweza kuendelea kuwaka ndani ya breka isiyoufaa. Andika "breka ya disii", kama muuza vifaa anavyoielewa.

Matengenezo si kosa. Kutengeneza ni kukifanya kitu kitengenee, na ofisi nyingi husema "matengenezo kinga" kwa kazi inayotangulia ubovu. Ila watu wengi wakisikia matengenezo huwaza kilichoharibika, kwa hiyo watasubiri kiharibike. Kazi za walimu na wanafunzi ningeziita utunzaji, na za fundi matengenezo.

Bandiko lako lingeweza kusomeka hivi:

"Paneli zipate jua, zisiguswe na kivuli. Zisafishwe asubuhi mapema kabla kioo hakijapata joto, kwa maji na kitambaa laini, bila kuzikanyaga. Kushusha swichi hakuondoi umeme kwenye paneli wala kwenye nyaya zake: usiguse nyaya wala viungio. Utunzaji ni wa shule. Fyuzi, breka, ethi na kinga dhidi ya madhara ya radi vikaguliwe na fundi. Fyuzi ikiungua, usiweke waya badala yake, mwite fundi."