Kwa Nini Besi Hukwaruzwa Makusudi

Vijana wanaorekodi nyimbo hapa Malindi huniuliza mara kwa mara kwa nini naikwaruza besi, yaani sauti nzito ya chini ya wimbo, makusudi, ilhali mpigaji amejitahidi kuitoa ikiwa safi. Sababu ni kwamba nyimbo zetu husikilizwa kwenye simu na ndani ya tuktuk kabla hazijafika kwenye spika kubwa za harusini, na spika ya simu haiwezi kutoa nota nzito ya herzi 55 (mitetemo 55 kwa sekunde), hivyo msikilizaji hubaki na mwimbaji asiye na kitu chini yake.

Distosheni, yaani huko kuikwaruza sauti, huvikata vilele vya wimbi la sauti, na hapo huzaliwa sauti nyingine zenye herzi mara mbili, mara tatu, mara nne ya ile ya asili: 110, 165, 220 na kuendelea. Simu huzitoa zile za juu, na sikio likishazipata kwa mpangilio huo huijaza lenyewe ile ya 55 isiyokuwapo. Besi ya Roland TR-808, mashine ya milio ya ngoma iliyotoka mwaka 1980, ndiyo inayonufaika zaidi, kwani mlio wake una sauti chache mno za juu.

Hata hivyo, usiikwaruze besi yote. Tengeneza nakala, uikwaruze vya kutosha, kisha uondoe kila kilicho chini ya herzi 150 hivi, na uichanganye kidogo kidogo na ile safi mpaka nota zisikike kwenye simu. Hakikisha nakala haicheleweshwi na programu, la sivyo zitadhoofishana.

Kwenye ngoma lengo hubadilika. Kilele cha kwanza cha pigo la msondo hula nafasi kubwa. Kikipunguzwa kwa distosheni, ngoma nzima inaweza kupandishwa na mlio wa ngozi ukajitokeza. Lakini ukizidisha, mapigo madogo hulingana na makubwa, na chakacha iliyopoteza tofauti hiyo haimchezeshi mtu kiuno. Kinanda kinachopiga nota kadhaa kwa pamoja nakushauri ukiache safi, kwa sababu nota hizo zikikwaruzwa pamoja huzaa milio isiyopatana na wimbo.

Kabla ya kuamua, ishushe sauti iliyokwaruzwa ilingane kwa ukubwa na ile safi, maana sikio hupendelea iliyo kubwa zaidi. Ukiona kwamba hakuna kilichoongezeka, izime.