Kaspersky: kuitoa au kuiacha?

Umeuliza kama ulipie tena antivairasi ya Kaspersky au uitoe, maana binamu yako aliye Marekani kakwambia kule imepigwa marufuku. Mimi nina saiba hapa Majengo, kompyuta sita, na nimeishi nayo miaka minane.

Adui yetu alikuwa flashi. Jioni moja aliingia mwanafunzi, tasnifu yake yatakiwa asubuhi. Kuchomeka tu, mafolda yote yamegeuka shotikati. Binti akaangua kilio. Kumbe faili ziko palepale, kirusi kimezificha. Kaspersky ikakinasa, nami nikapiga amri ya attrib kuyafichua mafolda, tukachapisha kurasa zote 84. Antivairasi niliyokuwa nayo kabla yake (siitaji jina) ilikuwa ikikipita kirusi hichohicho kama mtu anayemkwepa mdai wake.

Kwa hivyo uhodari wake sibishani nao. Hao ndio waliofichua kirusi cha ujasusi kiitwacho Flame mwaka 2012 na kundi la wadukuzi la Equation mwaka 2015, kundi ambalo wajuzi wengi wanalihusisha na ujasusi wa Marekani wenyewe. Lakini makao yake ni Moscow tangu 1997, na hapo ndipo shaka inapoanzia, kwamba serikali ya Urusi yaweza kuitumia kupeleleza. Marekani iliiondoa kwenye ofisi za serikali 2017, Ujerumani ikatoa onyo Machi 2022 baada ya vita vya Ukraine kuanza, kisha Juni 2024 Marekani ikakataza isiuzwe kabisa. Kaspersky wenyewe wamekana siku zote, na data za wateja wa Ulaya wakazihamishia Uswisi.

Mimi hayo ya siasa hayakunishtua sana. Kilichonishtua ni Septemba 2024: wateja wa Marekani waliwasha kompyuta wakakuta Kaspersky imejiondoa, mahali pake pamekaa programu iitwayo UltraAV. Wengi walisema hawakuombwa ruhusa. Hapo nikaona kwamba antivairasi ni mgeni uliyempa funguo za nyumba nzima, na akitaka kumkabidhi mwenzake, wewe utaamka ukute kashaingia. Wala usidhani wengine ni malaika. Avast ya Prague ilitozwa dola milioni 16.5 mwaka 2024 na tume ya biashara ya Marekani, kwa kuuza habari za kurasa wanazotembelea wateja.

Kompyuta za saiba sasa zatumia Defender, antivairasi inayokuja na Windows yenyewe, haina malipo. Flashi zenyewe zimepungua, watu hutuma kwa WhatsApp. Laptopu ya nyumbani nimeiachia Kaspersky mpaka leseni iishe.

Kama unafanyia kazi kampuni ya Marekani kwa mtandao, itoe leo, usingoje leseni. Ukishaitoa, zima na uwashe, hakikisha Defender imeamka. Antivairasi mbili usiziweke pamoja, zitagombana na kompyuta itakuwa nzito kama mkokoteni wa maji. Na zile leseni za shilingi mia tatu za mtaani achana nazo, mbili nilizonunua zilikufa kabla ya mwezi kuisha.