D&D au Pathfinder: uagize ipi kwa duka la Dodoma?

Ndugu yangu wa Majengo, umeuliza kuhusu michezo miwili ya mezani ya kuigiza wahusika: kama kweli Pathfinder iliwahi kuipiku kwa mauzo Dungeons & Dragons, na uwaagizie ipi vijana wa UDOM. Kweli iliipiku. Toleo la 4 la D&D, mwaka 2008, liliwaudhi wengi; kampuni ya Paizo wakachukua kanuni za toleo la 3.5, zilizotolewa kwa leseni huria ya mwaka 2000, wakatoa Pathfinder 2009. Kufikia 2011 iliongoza orodha ya mauzo ya ICv2, tovuti ya habari za biashara ya michezo. Ila orodha hiyo hutokana na kuwahoji wenye maduka na wasambazaji wa Amerika Kaskazini, si soko zima. Toleo la 5, mwaka 2014, likairudisha D&D kileleni.

Mtu hununua mchezo ambao wenzake wanaucheza, kwa hiyo anza na D&D. Usijaze rafu vitabu! Kasha moja la wanaoanza na seti 5 za dadu zinatosha. Kila seti iwe na dadu 7, ikiwemo ya pande 20; ukiletewa za pande 6 tupu, mchezo hauendi. Kanuni za msingi za D&D, zilizo katika hati iitwayo SRD 5.1, ni huria tangu Januari 2023 kwa leseni ya Creative Commons: unaruhusiwa kuzichapa, hata kuzitafsiri kwa Kiswahili na kuziuza, mradi utaje chanzo. Nembo ya D&D usiiguse.