Malaria ya ujauzito na usonji: jibu kwa dada wa Kondele

Dada, umeuliza kama ile CRP (protini ya damu inayoonyesha uvimbe au maambukizi mwilini) iliyopanda ulipougua malaria ukiwa mjamzito ndiyo ilimletea kijana wako usonji (autism). Hiyo karatasi ya maabara haiwezi kukujibu. CRP hupanda kwa malaria, kwa jipu, hata kwa jino bovu. Utafiti wa Finland wa 2014 uliona CRP ya juu ya mama ikiandamana na usonji. Wa California, 2016, ukaona kinyume chake. Sasa ushike lipi? Tena hizo ni hesabu za mamia ya akina mama, si za mtoto wako. Mimba nyingine ikija, homa ikikushika usingoje Jumatatu: kapimwe, utibiwe, na SP za kliniki (vidonge vya kuzuia malaria kwa wajawazito) uzimeze palepale mbele ya nesi.