Wadudu wa kwenye oleanda: nani anahifadhi sumu na nani anaipitisha tu

Mkuu, umeuliza inakuwaje oleanda, ambayo mbuzi akiitafuna anakufa, inaliwa na vidukari wa njano na yule kiwavi mkubwa wa kijani kwenye uzio wako wa Tegeta, na kama wadudu hao nao wana sumu. Nina kitalu cha maua kando ya barabara ya Bagamoyo, wote hao ni wateja wangu wasiolipa. Kwa kifupi: vidukari wana sumu, kiwavi wako karibu hana kabisa.

Sumu yenyewe ni ya kundi la kadenolaidi. Seli za mnyama zina pampu inayotoa sodiamu na kuingiza potasiamu. Kadenolaidi huikaba pampu hiyo, moyo ukaanza kwenda ovyo. Digoksini, dawa ya moyo, ni ya ukoo huohuo, ndiyo maana madaktari huipima kwa uangalifu.

Vidukari hao (Aphis nerii) hufyonza maji ya mmea pamoja na sumu yake na kuiweka mwilini. Angalia wanavyojazana kwenye vichipukizi, njano imekolea, miguu myeusi, wala hawajifichi. Kiwavi wako ni wa nondo Daphnis nerii. Huyu watafiti walimpima wakakuta pampu yake inadhurika na sumu kama ya wadudu wengine, na kwenye damu yake kadenolaidi ni chembe tu. Anakula, sumu haimwingii. Kwa kuwa hana cha kumtishia ndege, anavaa rangi ya majani, na ukimgusa anatunisha yale madoa mawili ya bluu yafanane na macho.

Ukitaka kuona ghala hasa, nenda kwenye viwanja vilivyoachwa huko Kunduchi, utafute mpamba mwitu (Calotropis procera), wenye majani mapana na utomvu mweupe, nao una kadenolaidi. Kiwavi wa kipepeo Danaus chrysippus, anayeula mmea huo, ana mistari myeusi, myeupe na ya njano, na jozi tatu za nyuzi nyeusi mgongoni. Kabla ya kula hukata mshipa wa jani ili utomvu uvujie pembeni, maana unagandisha mdomo. Sumu anayokula inabaki naye hadi anapokuwa kipepeo, mpaka kwenye mbawa. Hapo ndipo penye ujanja: ndege akidonoa ubawa anaonja uchungu mapema, anaachia. Mara nyingi nawaona wakiruka na pengo la mdomo wa ndege ubawani. Marekani, mwanasayansi Lincoln Brower aliwalisha ndege kipepeo jamaa wa huyu, Danaus plexippus, wakatapika na baadaye wakamkataa hata kwa kumwona. Mwaka 2019 wanasayansi waliweka mabadiliko ya pampu ya kipepeo huyo kwenye nzi wadogo wa matunda, na nzi wakastahimili kadenolaidi.

Lakini usidhani kila Danaus ni mchungu. Kiwavi aliyekulia mmea usio na kadenolaidi nyingi hutoka kipepeo asiye na kitu, akinufaika na sifa za wenzake. Jike la Hypolimnas misippus, kipepeo wa jamii nyingine, naye kaiga rangi zilezile kwa uongo mtupu.

Madume ya Danaus yana tabia nyingine ninayoipenda. Marejea (Crotalaria, mmea wa jamii ya kunde) yakinyauka, hufika kufyonza alkaloidi zake, kemikali za aina nyingine, wakatengenezea harufu ya kuwavutia majike. Ukiwa na marejea ya mbolea shambani, acha fungu likauke juani uone.

Na sumu haizuii kila adui. Nzi wa vimelea hutaga kwenye viwavi wa Danaus bila kujali.

Kwa uzio wako: vidukari nawaondoa kwa maji ya bomba yenye presha. Kiwavi mwache, oleanda itachipua tena. Unachopaswa kuogopa ni mmea wenyewe. Ukipogoa vaa glavu, na matawi usiyatupe wanapopita mbuzi wala usiyachome jikoni.