Kasha la jiokeshingi kando ya bustani ya mtaa: liweke njiani, si kwenye miche

Ndugu, umeuliza kama inafaa kuficha kasha la jiokeshingi karibu na bustani ambayo vijana wa mtaa wenu wanaipanda kando ya Mto Nairobi, na uliweke wapi hasa. Inafaa kabisa, na nakuomba uendelee. Ila lisiwe katikati ya miche. Nina kasha mahali pa aina hiyo huku Eastlands, kwa hiyo nakueleza niliyoyaona.

Kwa wasiojua mchezo: mtu anaficha chombo chenye kijitabu, anatangaza majiranukta yake (namba zinazoonyesha mahali kilipo), wengine wanakitafuta kwa simu, wanatia sahihi na kukirudisha palepale. Ulianzia Oregon, Marekani, Mei 2000, mara tu serikali yao ilipoacha kuvuruga kwa makusudi GPS ya raia.

Sasa sikiliza jambo la simu, maana hapa ndipo bustani huharibika. Simu nzuri hukosea mita 3 hadi 5 palipo wazi, na zaidi chini ya miti au ubavuni mwa ghorofa. Yako ilikosea wakati wa kupima, na ya mgeni itakosea kwa namna yake. Anafika, simu inamwambia yupo, haoni kitu, basi anaanza kuzunguka. Anainua matandazo, anasogeza majani, anapita kwenye vitalu. Mche mchanga ukikanyagwa shingoni hauinuki, na udongo ukishindiliwa maji hayaingii. Mgeni hana ubaya wowote, ni pale ulipomleta. Kasha likiwa kwenye nguzo, benchi au lango lililo juu ya njia, mzunguko wake wote unabaki mahali pa kukanyagwa.

Pima zaidi ya mara moja, kwa siku tofauti, uchukue wastani. Mchezo huu huandika majiranukta kwa digrii na dakika (dakika hapa ni sehemu ya 60 ya digrii, si ya saa), dakika zikiwa na tarakimu tatu za desimali, na huku kwetu karibu na ikweta tarakimu ile ya mwisho ni takriban mita 1.85 kwenda kaskazini-kusini, na karibu sawa mashariki-magharibi. Usiikate kurahisisha mambo.

Kabla ya yote hayo, nenda kwa wenye bustani. Mimi nilikwenda kwa mama anayesimamia kitalu. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Sasa kijana wangu, hao wageni wakija watachimba hapa?" Nikamjibu, "Hapana mama, kuchimba hakuruhusiwi." Na ni kweli, kanuni za mchezo zinakataza kuchimba ardhi bila ruhusa ya wazi ya mwenye eneo. Akatembea nami hadi kwenye nguzo ya mbao iliyobeba kibao cha jina la mti, akamwita fundi wao, naye akatoboa nafasi nyuma yake. Nisingepata mahali bora kwa kuzunguka peke yangu. Mjulishe pia mzee wa nyumba kumi. Nairobi imeshambuliwa na magaidi, ikiwemo 1998 na 2013, na mgeni anayepapasa chini ya benchi lazima aulizwe. Chombo kiwe kinachoonyesha ndani na kiandikwe wazi kwamba ni cha mchezo, pamoja na namba yako ya simu. Usitumie kopo la chuma: waokota chuma chakavu hupita kingo za mto kila asubuhi, na wana haki ya kudhani limetupwa.

Kitu kingine ambacho miongozo ya ng'ambo haikuambii. Wao hufunga kijitabu kwenye mfuko mdogo wa nailoni wa kubana. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Agosti 28, 2017, hata ile bapa, kwa hiyo tafuta kichupa chenye mpira mfunikoni na karatasi isiyoingia maji. Ingekuwa aibu kubwa kuleta nailoni mahali ambapo vijana wanaiokota kutoka mtoni.

Kwenye maelezo ya kasha waeleze wageni bustani ni ya nani na inafanya nini. Mimi nimeandika ombi kwamba wakati wa kiangazi cha Januari na Februari, anayeweza aulize kitaluni apewe debe na amwagilie mche mmoja. Liwe ombi tu, maana kanuni haziruhusu kumdai mtu zaidi ya sahihi yake. Lakini watu wanamwagilia! Wengine wanarudi na watoto wao kuangalia mche umefika wapi, na hilo linanifurahisha kuliko sahihi zote za kijitabuni. Wachezaji pia wana desturi ya kuokota taka wakiwa safarini, iliyoanza 2002. Kama kikundi chenu kina siku ya usafi, itangaze huko.

Mwisho ni mto wenyewe. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024 sitamshauri mtu kuweka chochote bondeni, hata kikifungwa kwa waya. Panda juu, upande wa barabara. Na kikundi kikitaka kupanua vitalu hadi kwenye nguzo yako, wapishe bila ubishi: ukihama chini ya mita 161 unabadilisha majiranukta mwenyewe, ukizidi hapo unamwandikia mkaguzi wa kujitolea wa mchezo aliyelipitisha kasha lako.